Uamuzi umeshafanyika, halafu ndiyo tunaitwa kupiga hesabu za vipaumbele!

Wadau, nina hasira, mnivumilie.

Nipo huduma kwa wateja kwenye kampuni ya programu. Miezi saba sasa kilio ni kimoja: mtu akipakua ripoti, faili linakuja tupu. Robo mwaka hii tukaambiwa hakuna tena ubishi vikaoni, tunatumia RICE, fomula ya kupanga kazi ipi ianze. Nikafurahi, mjinga mimi.

Kwa wasioijua: unachukua idadi ya watakaoguswa, unazidisha kwa uzito wa faida (3 ndiyo kubwa kabisa, 0.25 ni kiduchu), unazidisha kwa asilimia ya uhakika wako, kisha unagawa kwa miezi ya kazi ya mtu mmoja. Mwenye alama nyingi anatangulia.

Ripoti: watu 1,200, uzito 2, uhakika 80%, kazi mwezi mmoja. Alama 1,920. Tukaongoza!

Ndipo bosi akaja na roboti ya kuchati aliyoiona kwa washindani. Watu 2,000, yaani watumiaji wetu WOTE. Uzito 3. Uhakika 100%. Kazi mwezi mmoja. Alama 6,000. Fundi aliyeguna kwamba hiyo ni miezi minne kaambiwa asiwe mtu wa kukwamisha mambo.

Nilirudia hesabu usiku. Roboti nikaipa kwa huruma watu 300, uzito 0.5, uhakika 50%, miezi minne. Inatoka 18.75. Kwa huruma, jamani!

Angesema tu "nataka roboti" ningenyamaza, kampuni ni yake. Lakini hii ya kuamua kwanza halafu kutafuta namba za kuutetea uamuzi? Safu ya uhakika iliwekwa kuzuia mchezo huu huu. 100% ni ya mwenye ushahidi mkononi. Yeye ana hamu tu.

Na ripoti haitakaa ionekane tamu kikaoni. Profesa Noriaki Kano wa Japani alishalieleza mwaka 1984: kuna vitu mteja havisifii vikiwepo, ila vikikosekana anawaka. Wanaowaka wananipigia mimi, si bosi.

Leo asubuhi mteja wa miaka mitatu kafunga akaunti. Sababu aliyoandika ni neno moja, "ripoti". Mchana nikapewa kazi ya kuandika tangazo la roboti.

Kikao kijacho ni Jumatatu. Mliowahi kumzuia mkubwa asijijazie mwenyewe safu ya uhakika, mlifanyaje?