Naomba ushauri: makala ya 1998 kuhusu Wakristo wa kwanza, niwaonyeshe vijana?

Katekista Malindi
Salaam wapendwa. Nina From Jesus to Christ, makala ya video ya saa 4 iliyoonyeshwa na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, mwaka 1998. Niliitazama nikiwa kijana, nayo ndiyo iliyonitia hamu ya kuisoma Biblia kwa makini. Juzi nimeirudia mpaka usiku wa manane, na mapenzi ni yaleyale. Nataka kuwaonyesha vijana wangu wa kipaimara, lakini mzee mmoja wa kanisa amenikataza. Humo wataalamu wanasema Injili ya Marko iliandikwa karibu na mwaka 70, miaka 40 hivi baada ya Yesu kusulubiwa. Anahofu imani za watoto zitayumba. Hofu yangu ni nyingine: yaliyosemwa wakati ule bado yanasimama? Nisaidieni.

Mwalimu wa Gede
Mwalimu, la Marko lisikunyime usingizi. Fungua Katekisimu ya Kanisa Katoliki namba 126: Yesu alitenda na kufundisha, mitume wakahubiri kwa mdomo, ndipo Injili zikaandikwa. Msomee mzee huyo taratibu, mkiwa wawili, si mbele za watu.

Msomaji wa Shela
Mimi nina shida na Seforisi. Makala inaukazia sana mji huo, ulio kama kilomita 6 tu kutoka Nazareti, kana kwamba Yesu alikulia ubavuni mwa jiji la mchanganyiko wa kila taifa. Lakini wachimbaji wamekuta vyombo vya mawe na mabwawa ya kujitakasia ya Kiyahudi, dalili ya wakazi Wayahudi, na majengo mengi ya Kirumi yanayoonekana pale ni ya baada ya zama za Yesu. Ikifika hapo, simamisha uwaeleze. Waongezee na sinagogi ya zama za Yesu huko Magdala, Galilaya: ilifukuliwa 2009, wenye makala wasingeweza kuijua.

Mama Ngomeni
Mie kinachoniuma ni safari yenyewe: Galilaya mpaka Roma, basi. Watoto wetu wakikiona kile kikanisa cha Wareno cha makuti, wanadhani Ukristo uliletwa Afrika na merikebu za Vasco da Gama, 1498. Na Ezana, mfalme wa Aksum, Ethiopia ya leo, aliupokea karne ya 4! Waambie kabla hujawasha televisheni.

Katekista Malindi
Asanteni sana. Namba 126 sikuikumbuka kabisa. Jumamosi naenda kwa mzee. Mama, habari za Ezana nizianzie wapi?

Mama Ngomeni
Anzia Matendo 8, yule towashi wa Kushi. Ila wafafanulie, mwanangu: Kushi ile ni upande wa Meroe, Sudani ya leo. Aksum ni kwengine.