Nianze na lugha gani ya programu kwa kompyuta ya zamani na bando dogo?

Kijana wa Ujiji
Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari zenu. Nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kaka yangu ameniachia kompyuta mpakato ya mtumba yenye Windows 7. Nataka kujifunza kuandika programu, ila kila ninayemuuliza anavutia kwake: huyu Python, yule JavaScript, mwingine anasisitiza C. Bando langu ni la kuungaunga, kwa hiyo video ndefu siziwezi. Nianze na ipi, na je, mashine hii itafaa?

Fundi wa Mwanga
Marahaba. Inafaa, mradi Windows 7 hiyo iwe na Service Pack 1, yaani kifurushi cha masasisho cha Microsoft. Chukua Python, lakini usibofye toleo jipya kwenye tovuti ya python.org, maana kuanzia 3.9 Windows 7 haikubaliki tena na utakuwa umeteketeza bando bure. Tafuta 3.8.10 kwenye orodha ya matoleo ya zamani; matoleo ya 3.8 yaliyofuata hayakutolewa na kisakinishi cha Windows. Humo utapata IDLE, pa kuandikia na kuendeshea programu kwa kubonyeza F5, pamoja na maelezo rasmi ya lugha, na ukishasakinisha huhitaji intaneti.

Binti wa Urambo
Mimi ningemshauri JavaScript. Kivinjari tayari anacho, Notepad anayo, na matokeo anayaona papo hapo bila kupakua chochote.

Mwalimu wa Hesabu, Tabora
Hoja ya Binti ina uzito, ila kwa anayeanza peke yake kuna tatizo: kosa la JavaScript hujificha kwenye konsoli ya kivinjari, dirisha la ujumbe wa makosa ambalo halionekani hadi ulifungue, naye hubaki akitazama ukurasa mweupe asijue pa kuanzia. Python humwambia hapohapo.

Kijana, anza na hesabu unayoijua. Tuseme mchuuzi wa dagaa pale Kibirizi anataka programu imuulize kilo ngapi na bei ya kilo, kisha impe jumla. Utauliza kwa input, amri inayopokea anachoandika mtumiaji, utazidisha, na Python itagoma kwa TypeError, yaani kosa la aina ya data, kwa sababu kila kinachopitia input huhesabiwa kuwa maandishi, hata ukiandika 5. Ukijaribu kujumlisha 5 na 3 za namna hiyo hutapata kosa lolote. Utapata 53, na hilo naliona ni la hatari zaidi. Dawa yake ni kugeuza jibu kuwa namba kwa int, au kwa float ikiwa kilo zina nusu. Taarifa ya kosa isome kuanzia mstari wa mwisho, ambao hutaja aina ya kosa. Juu yake utakuta namba ya mstari ulioharibika. Wanafunzi wengi wakiona maandishi mekundu hufunga dirisha, na hapo ndipo somo lilipokuwa.

Kijana wa Ujiji
Nashukuru sana. Nimesakinisha 3.8.10 na programu ya dagaa inafanya kazi, ila mtumiaji akijibu “mbili” badala ya 2, inakatika kwa ValueError, yaani kosa la thamani isiyofaa. Nizuieje, Mwalimu?

Mwalimu wa Hesabu, Tabora
Weka swali na ugeuzaji ndani ya try, sehemu ya kujaribia amri zinazoweza kukosea, na chini yake except ValueError, inayoshika kosa hilo na kumwomba aandike tarakimu. Vyote viwili viwe ndani ya while, amri ya kurudiarudia, ili aulizwe tena hadi ajibu sawasawa.