Rola za wino zinang'aa kama kioo: zimekufa au bado?

Swali
Wakuu, habari za kazi. Nina mashine ya kuchapa ya ofseti ya rangi 2. Sasa hivi rangi ikijaa eneo kubwa inatoka mabaka, nikiongeza wino herufi ndogo zinaziba. Rola za wino zinazogusa pleti (bamba lenye picha ya kuchapwa) zimekuwa ngumu na zinang'aa. Fundi ananiambia ninunue seti nzima. Nitajuaje kama kweli zimekwisha?

Jibu
Mkuu, shika hela yako kwanza. Mimi nilibadilisha seti nzima kwa dalili hizohizo, na haukupita muda mpya nazo zikaanza kung'aa. Tatizo lilikuwa uoshaji wangu.

Huo mng'ao ni utando wa mabaki ya wino, gundi, na chokaa inayotoka kwenye karatasi. Dawa ya kuoshea wino inayeyusha wino tu, chokaa haiigusi kabisa. Nilikuwa naosha kila jioni, rola zinaonekana safi, kumbe tabaka linajengeka chini kwa chini. Osha wino kama kawaida, kisha pitisha maji ya uvuguvugu, halafu dawa ya kuondoa utando, suuza, kausha. Huenda ukarudia mara mbili tatu. Raba ikipona utaijua kwa kidole: inafifia na kuwa na mguso wa mahameli.

Ndipo upime ugumu wa raba kwa kipimo cha Shore A (namba ikiwa kubwa, raba ni ngumu zaidi). Rola mpya za kwenye pleti mara nyingi husoma kati ya 25 na 35. Kama baada ya usafi bado imezidi namba yake ya awali kwa pointi 10 hadi 15, au imepasuka nchani, hiyo badilisha.

Jibu
Naongezea: ukizirudisha, seti upya mgandamizo wa rola kwenye pleti. Zipake wino, simamisha mashine, shusha rola kwenye pleti kidogo, inua. Usome mstari uliobaki. Upana wake fuata kitabu cha mashine, ila lazima ulingane mwanzo hadi mwisho. Ukinenepa upande mmoja, rola imekaa kombo.

Muuliza swali
Asanteni sana. Nimeosha mara mbili, tatu kati ya nne zimerudi laini. Ya nne bado inasoma 52. Nimepewa mpya lakini imeandikwa EPDM (aina ya raba), na mimi natumia wino wa kawaida wa mafuta.

Jibu
Irudishe leo, kaka! Raba hiyo ni ya wino wa UV, ule unaokaushwa kwa taa maalumu. Mafuta ya wino wako yataivimbisha, mgandamizo utaharibika na pleti italika. Omba ya nitrili, raba inayostahimili mafuta. Na ya akiba iegemeze kwenye ekseli zake, raba isiguse kitu, uifunge karatasi nzito mbali na jua na mota za umeme. Niliwahi kuilaza moja sakafuni, ikapata ubapa upande mmoja na haikurudi tena kuwa duara.