Natenganisha taka nyumbani, gari likija wanachanganya zote. Najisumbua bure?

mama_twins_kimara:
Habari za jumapili wakuu. Niko Kimara, tangu mwezi wa kwanza nimeweka ndoo tatu jikoni, ya maganda na viporo, ya chupa na makopo, na ya hayo mengine, watoto nimewafundisha mpaka yule wa miaka minne anajua. Sasa alhamisi gari la taka limekuja nikatoka mwenyewe, kijana kachukua ndoo zote tatu kamwaga humo humo juu ya pampasi za jirani, mi nimebaki nimeshika mfuniko. Na hela ya taka nalipa kila mwezi. Hivi huko zinakoenda zinatenganishwa au najichosha tu?

mzee_wa_tabata:
Zinaenda Pugu Kinyamwezi mama, na wa kuzitenganisha pale ni waokota makopo. Halafu hilo dampo lina historia ya kuhama. Zamani lilikuwa kwetu Tabata, moshi usiku kucha, watoto vifua havikauki. Wakazi wakaenda mahakamani 1988 wakashinda, jiji likaambiwa acheni kumwaga, basi likawa kila mara linarudi kuomba liongezewe muda, mpaka jaji mmoja akashangaa, hajawahi kusikia mamlaka ya umma inakuja mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira!! Dampo likaenda Vingunguti, likaenda Mtoni, sasa hivi Pugu. Nyumba zikilifikia, linasogezwa.

mizani_ya_makopo:
Dada hujisumbui ila umekosea mtu wa kumpa. Ndoo ya chupa usiwape watu wa gari, mpe kijana wa makopo anayepita alfajiri na kiroba. Mi ndo nanunua kwao. Kopo la maji likija safi kavu linaenda kwenye mzani moja kwa moja, lile lililolala na mchuzi wa maharage inabidi tulioshe na maji yenyewe tunanunua kwa dumu, kwa hiyo bei yake chini au nakataa kabisa. Chupa angavu tunaweka peke yake, plastiki ngumu za mafuta ya kula na shampuu peke yake, vifuniko peke yake. Vile vinailoni vya karanga na ubuyu hakuna anayevitaka, mifuko ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019 lakini hivyo vidogo bado vimejaa mitaroni.

kisura_wa_mbagala:
Nyie mna gari? Huku kwetu tunalipa halafu linapotea wiki tatu. Watu wanasubiri mawingu yatande, mvua ikianza tu viroba vinatupwa mtaroni. Mvua ndo gari letu 😂

bongo_hamburg:
Huku niliko chupa ya soda unaiwekea dhamana ya senti 25 za euro dukani, ukirudisha kwenye mashine unapewa hela yako, ukiiacha kwenye benchi haimalizi dakika kumi. Na taka za nyumbani kuzipeleka dampo zikiwa ghafi ni marufuku Ujerumani nzima tangu Juni 2005, zinazobaki baada ya kutenganishwa nyingi zinachomwa kwanza wanapata umeme na joto la majumbani. Ila msidandie hilo la kuchoma, taka zetu Dar zaidi ya nusu ni maganda na vyakula, mbichi tupu, ni sawa na kuwasha kuni zilizonyeshewa. Ndo maana hili jiji la Hamburg liliposhirikiana na Kinondoni wakajenga kiwanda cha mboji pale Mabwepande, cha taka za masokoni, tani 50 kwa siku, wala sio tanuri. Kwa hiyo hapo kwako ndoo ya maana kuliko zote ni ya maganda. Ikitoka hiyo, kiroba chako hakinuki na hakina uzito.

mama_twins_kimara:
Asanteni jamani. Kijana wa makopo nimeshampata, kasema atapita jumanne. Maganda nimechimba shimo nyuma kwenye mpapai ila mama mwenye nyumba anasema nafuga panya 🙈

mzee_wa_tabata:
Viporo vya dagaa na nyama usiweke humo. Kila ukimwaga tupia majivu na udongo juu, na hilo papai la kwanza mpelekee mama mwenye nyumba.