Huna cheo kwaya, ila watu wanakufuata wewe: unaongozaje bila kumpindua mwenyekiti?

Sauti_ya_Tatu:
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Kwaya ya usharika, waimbaji 34. Mazoezi ni Jumatano na Ijumaa saa 11 jioni, lakini wimbo wa kwanza unaanza saa 12 kasorobo. Mimi ni mwimbaji wa kawaida, simo kwenye kamati wala sitaki kuwamo. Shida ni kwamba mwenyekiti akisema, watu wananuna, halafu wananifuata mimi. Nisaidieje bila kuonekana nampindua? Naomba vitu vya kufanya. Kuomba naomba tayari.

Mama_Sopa:
Mpendwa, anza na saa. Fika dakika 15 kabla, panga viti kwa sauti zote nne, weka nakala za nyimbo juu ya viti. Kisha muulize mwalimu, msiposikika na wengine: "Mwalimu, saa 11 tukianza kupasha sauti na waliopo, sawa?" Akikubali, mazoezi yanabaki yake. Ukianza bila kumuuliza, hata kama unajua nota kumzidi, umeshaharibu.

Waliochelewa usiwaseme. Mtu akiingia mpe nakala, mwonyeshe mstari mlipofika. Anayesemwa mbele za watu kesho hachelewi: haji kabisa. Jipe miezi miwili, maana wiki za mwanzo mtabaki walewale watano.

Na jirani yako anayevutwa na sauti ya kwanza kwenye kiitikio , usimrekebishe wimbo ukiendelea. Mwombe dakika 10 baada ya mazoezi, mistari miwili tu, polepole kwa solfa (do, re, mi), kisha kwa maneno.

Mzee_wa_Usharika:
Kijana, hapo kwenye "wananifuata mimi" ndipo penye hatari. Soma 2 Samweli 15:1-6. Absalomu, mwana wa mfalme Daudi, naye hakuwa mfalme. Aliamka mapema, akasimama kando ya njia ya langoni, akamwambia kila mwenye kesi kwamba madai yake ni ya haki, ila kwa mfalme hakuna wa kumsikiliza. Mtu akitaka kumsujudia, anamshika mkono na kumbusu. Msikivu, mnyenyekevu, anapendwa! Ndivyo alivyoiba mioyo ya watu.

Kwa hiyo mtu akikuletea lalamiko, usimjibu "hata mimi nimeona". Muulize: umemwambia mwenyekiti mwenyewe? Kama bado, aende. Akiogopa msindikize, ila aseme yeye. Mathayo 18:15 inaanza na wawili peke yao, na grupu la WhatsApp si wawili.

Wewe ukiwa na lako kwa mwenyekiti, peleka jambo moja, lenye siku yake na msaada wako ndani yake: "Mwenyekiti, ratiba ya Jumapili ilitoka Jumamosi saa 2 usiku, wenye watoto wakashindwa kujipanga. Nikukumbushe Alhamisi?" Neno "watu wanasema" liache nyumbani, maana ataanza kuwatafuta hao watu badala ya kuitafuta ratiba. Na wazo lako likitangazwa kama lake, kaa kimya. Likikuuma sana, ujue ulikuwa umesimama langoni.

Sauti_ya_Tatu:
Shikamoo mzee, hiyo ya langoni imenifika. Kuna jingine: michango ya sare. Wanataka kuituma kwenye simu yangu, eti mhazini hatoi hesabu.

Daftari_la_Hesabu:
Usipokee, hata elfu kumi. Ikikaa kwako siku mbili inachanganyika na yako, makato ya kutoa yanaila, mwisho inapungua elfu mbili na unaanza kujieleza. Paulo alikuwa mtume, lakini mchango wa watakatifu hakuubeba peke yake. Alisafiri na ndugu aliyechaguliwa na makanisa, ili asiwepo wa kuwalaumu (2 Wakorintho 8:19-20).

Mfuate mhazini faragha, umwombe mkae nusu saa baada ya mazoezi: daftari lenye tarehe, jina, kiasi na saini ya aliyetoa. Mara nyingi asiyetoa hesabu hajaiba. Daftari limemshinda, na anaona aibu kusema. Akikataa, mwambie mwenyekiti, naye apeleke kwenye kamati. Usiende kamati mwenyewe.

Mama_Sopa:
Nimesahau: nakala zitoe kwa hela yako mara moja tu, baada ya hapo ziwe za mfuko wa kwaya. Ukiwazoesha, siku huna watasema umenuna.