Mahalia Jackson na suala la malipo: mazungumzo ya kikundi cha ukoo, Mwanza

Baba Mdogo (Ukerewe): Shikamooni shemeji zangu, na watoto wote habari za jioni. Nimesoma kwamba hoteli moja ya ufukweni imemwomba binti yetu wa Nyegezi awe anaimba pale kila Jumamosi usiku kwa malipo. Nashauri akatae, kwa sababu mwimbaji wa Injili hauzi sauti aliyopewa bure. Tumtazame Mahalia Jackson, mwimbaji wa Injili wa Marekani, ambaye kaseti zake zilikuwa zikipigwa nyumbani kwa shemeji Nyakato tangu watoto hawa wakiwa wadogo: yule mama aliimba maisha yake yote bila kudai senti.

Mama Mkubwa (Kirumba): Marahaba, shemeji. Mwenye kaseti ajibu.

Mjomba (Nyakato): Marahaba, shemeji yangu. Ushauri wako nitaurudia baadaye, lakini hilo la kutodai senti si kweli. Mahalia alizaliwa New Orleans mwaka 1911, mama yake akafariki yeye akiwa bado mtoto mdogo, akalelewa na dada wa mama yake, mwanamke mkali ambaye hakutaka kusikia muziki wa kidunia nyumbani kwake. Alipohamia Chicago mwishoni mwa miaka ya 1920 alifua nguo za watu na kufanya kazi za ndani, huku akiimba katika kwaya ya Greater Salem Baptist Church na katika kikundi kidogo kilichokuwa kikizunguka makanisani. Mtu aliyeanza hivyo haichezei fedha. Alipopata jina alitaka alipwe taslimu, tena mara nyingi kabla hajapanda jukwaani, kwa kuwa alikwisha kuona jinsi waandaaji wanavyoweza kumdhulumu mwimbaji mweusi na kumwacha hana pa kwenda kushtaki. Alifungua pia saluni na duka la maua, ili tumbo lake lisitegemee koo peke yake.

Kaka (Igoma): Shikamoo Mjomba. Kama malipo aliyapokea, basi ni kitu gani alichokikataa hata akasifiwa kwa msimamo?

Mjomba (Nyakato): Marahaba. Alikataa kuimba bluzi, ule muziki wa kidunia wa watu weusi wa Marekani, na alikataa klabu za usiku. Msidhani ulikuwa uamuzi mwepesi, kwa maana miaka ya 1930 Marekani ilikuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi na mume wake wa kwanza, Isaac Hockenhull, alimsihi sana atumie ile sauti katika muziki wenye fedha. Utotoni alikuwa amesikiliza santuri za mwimbaji wa bluzi Bessie Smith na alizipenda, kwa hiyo hakuikataa bluzi kwa kutoijua. Hata Thomas Dorsey, mtunzi aliyetembea naye Chicago wakiuza karatasi za nyimbo mitaani, aliwahi kupiga piano ya bluzi kwa jina la Georgia Tom, kabla hajatunga “Take My Hand, Precious Lord” mwaka 1932, mke wake alipofariki akijifungua na mtoto naye akafariki. Muziki wenyewe ulikuwa na damu moja. Mahalia alichagua maneno atakayoyatamka na mahali atakapoyatamkia.

Mama Mkubwa (Kirumba): Nami niongeze kwamba makanisa yenyewe hayakumpokea kwa mikono miwili. Wapo wachungaji wa Chicago waliomwona hana adabu kwa sababu alipiga makofi na kuutikisa mwili akiimba, jambo ambalo alilitoa New Orleans, kwenye kanisa lililokuwa jirani na kwao, ambako watu walimsifu Mungu kwa ngoma na matari. Ninyi watoto mnaocheza madhabahuni na sare zinazometameta hamjui kwamba sisi tuliwahi kuondolewa kwenye mstari wa kwaya kwa kutikisa bega tu. Endelea, kaka.

Mjomba (Nyakato): Asante, dada. Mwaka 1947 alirekodi “Move On Up a Little Higher”, na wimbo huo ulipotoka uliuzwa kwa wingi hadi maduka yakaishiwa santuri. Mwaka 1950 akaimba Carnegie Hall, ukumbi mashuhuri wa New York, na mwaka 1954 akaingia mkataba na kampuni ya santuri ya Columbia. Wapo wanaosema Columbia ilimpooza kwa kumwekea ala nyingi za nyuzi na nyimbo za taratibu, nami nakubaliana nao.

Binti (Nyegezi): Shikamooni wazazi wangu. Nina swali kwa Baba Mdogo. Mwaka 1958 Mahalia aliimba kwenye tamasha la jazi la Newport, na mwaka huohuo akarekodi na mwanamuziki wa jazi Duke Ellington. Je, wale waliofika Newport walikuwa waumini? Kama hoteli ni dhambi, tamasha la jazi tuliite nini?

Baba Mdogo (Ukerewe): Marahaba, mwanangu. Sasa niulize mimi: pale hotelini unatakiwa kuimba nini?

Binti (Nyegezi): Wanataka nianze na nyimbo mbili za Injili, kisha niendelee na za mapenzi wageni wanapokuwa wamechangamka.

Baba Mdogo (Ukerewe): Basi jibu unalo. Newport aliimba nyimbo zake, na waliokuja kwa jazi wakazisikiliza. Hata hivyo, shemeji, nisibaki na aibu yote peke yangu. Mwaka 1956 alipokwenda Montgomery kuwaimbia watu weusi waliokuwa wamesusia mabasi na kutembea kwa miguu kupinga ubaguzi, hakudai malipo, na alilala nyumbani kwa Mchungaji Ralph Abernathy, nyumba ambayo wiki chache baadaye ililipuliwa kwa bomu. Miaka hiyohiyo alinunua nyumba katika mtaa wa wazungu Chicago, madirisha yakapigwa risasi. Na tarehe 28 Agosti 1963, Washington, ndiye aliyeimba kabla ya Martin Luther King kuhutubia, na waliokuwa karibu wamesimulia kwamba alimpazia sauti awaeleze watu habari za ndoto.

Mjomba (Nyakato): Hapo tuko pamoja. Mahalia alimtoza mwenye ukumbi, lakini mwenye kutembea kwa miguu hakumtoza. Lakini msimfanye malaika. Mildred Falls, mpiga piano aliyekuwa naye miaka mingi, ambaye mkono wake wa kushoto ndio uliozibeba zile nyimbo, alilipwa kidogo sana, na walipoachana hakuwa na cha maana mkononi. Mahalia alipofariki Januari 1972 akiwa na umri wa miaka 60, mwimbaji Aretha Franklin alimwimbia mazishini na magazeti yakaandika utajiri wake. Mildred hakuandikwa sana.

Mama Mkubwa (Kirumba): Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mwanangu wa Nyegezi, huyo kijana anayekupigia kinanda, mmekubaliana atapata kiasi gani?

Binti (Nyegezi): Bado hatujazungumza naye kuhusu fedha, Mama. Hoteli nitaiandikia kwamba naweza kuimba Jumapili alasiri, nyimbo za Injili pekee.

Mama Mkubwa (Kirumba): Zungumza naye kwanza, ndipo uiandikie hoteli, na bei utakayowatajia iwe na fungu lake ndani.

Binti (Nyegezi): Sawa, Mama. Tutaonana naye kesho kabla ya mazoezi.