Sindano ya homoni: mfululizo, mapumziko, au ratiba ya hesabu?

MwanaTanga: Shikamooni wakubwa. Mzee wangu ana saratani ya tezi dume, imeshafika kwenye mifupa. Kila miezi 3 anachomwa sindano ya kuzima testosteroni, homoni ya kiume. Usiku anafukutwa mpaka shuka linaloa. Majibu yake yote ya PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, kayaandika kwenye daftari, na leo kaniuliza kama anaweza kupumzika. Nimesikia wapo wanaopanga mapumziko kwa modeli za hesabu. Kipi afadhali?

Mama Rehema: Marahaba mwanangu, poleni. Inategemea ugonjwa umefika wapi. Utafiti wa 2012 ulifuata wanaume 1,386 ambao PSA ilipanda baada ya mionzi. Nusu ya waliopumzika walivuka miaka 8.8, nusu ya waliochomwa mfululizo 9.1. Karibu sawa. Ila kwa ambao saratani imesambaa kama mzee, utafiti wa 2013 ulitoa miaka 5.1 kwa waliopumzika na 5.8 kwa waliochomwa mfululizo. Haikuthibitika kuwa kupumzika hakupunguzi maisha. Mimi nisingethubutu.

Fundi Namba: Tafiti hizo ziliamua lini dawa irudishwe hasa kwa viwango vya PSA vilivyowekwa kwa wote. Kituo cha saratani cha Moffitt, Tampa, Marekani, walianza na milinganyo ya Lotka na Volterra, ile ya viumbe wanaogombea chakula. Seli ni za aina tatu: zinazotegemea testosteroni ya mwili, zinazojitengenezea, na sugu zisizoihitaji kabisa. Ukizifyeka zote zinazosikia dawa, sugu zinabaki na shamba peke yao. Kwa hiyo dawa ilisimamishwa PSA ikishuka hadi nusu ya pale ilipoanzia, ikarudishwa ilipopanda tena hadi pale. Matokeo ya 2022: miezi 33.5 kabla ugonjwa haujasonga, wenzao waliotumia dawa mfululizo 14.3. Kwangu hii ndiyo njia yenye akili.

Dada wa Maabara: Kaka Fundi, umeruka jambo kubwa. Walikuwa 17 tu, na wale 16 wa kulinganishwa nao hawakupatikana kwa kura. Tena kilichosimamishwa ni vidonge vya abirateroni, vinavyozuia mwili na seli za saratani kutengeneza testosteroni. Sindano ya kuzima testosteroni iliendelea muda wote!

Fundi Namba: Kweli, dada. Asante kwa kunisahihisha.

MwanaTanga: Mzee hajaanza vidonge, yuko kwenye sindano tu. Basi ratiba ya Tampa haimhusu kwa sasa. Kliniki ni Alhamisi, nitakwenda na daftari lake na kumwomba daktari dawa ya huo mfukuto.

Mama Rehema: Na sindano asiiruke, mwanangu.